Nyoka Aliyelipa Mahari

Mukiti ni nyoka mkubwa, mwenye enzi yake chini ya kilindi cha maji. Siku moja moyo wake unamwendea Iyangura, dada yake mtemi Shemwindo. Msimulizi mwenye haraka angemfanya azushe dhoruba amteke binti usiku. She-Karisi Rureke, Mnyanga aliyemsimulia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo mwaka 1956, hakuwa na haraka. Mukiti anakuja kuposa. Shemwindo anaomba nafasi ashauriane na wazee wake, mali inatajwa, siku inawekwa, wageni wanalishwa. Nyoka anatoa mahari kama mkwe mwingine yeyote.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi hapa Baraka, upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ziwa Tanganyika likiwa mbele yangu, na kila mara kinachonishika ni mahari, si magamba. Ukishakubali kwamba wakwe wanangoja mali, nyoka unampokea bila kuuliza.

Ndiyo raha ya hadithi za mapenzi ya kale zilizotiwa ajabu kidogo. Ajabu ni chumvi kwenye ndagala: ikizidi, samaki humuonji tena. Zipo riwaya ambamo jini hutokea kila wapenzi wanapokwama. Hizo mimi huzifunga mapema, maana pasipo hatari mapenzi hayana kazi ya kufanya.

Mtazame Fumo Liyongo, kama alivyotungwa na Muhammad Kijumwa katika utenzi wa mwaka 1913. Ajabu kubwa ya shujaa huyo ni moja: silaha haimuui, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mengine mengi ni mambo ya watu. Wagala wanataka mbegu yake, wanampa mke, anazaliwa mtoto wa kiume. Mtoto anakua, maadui wa baba wanamrubuni, naye anakwenda kumuuliza baba siri ya kifo chake. Liyongo anahisi anachotafutiwa. Anaisema hata hivyo, kwa kuwa anayeuliza ni mwanawe.

Akichomwa usingizini, anaamka, anashika upinde, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale tayari, na roho inamtoka hivyo hivyo. Mji mzima unashindwa kuteka maji. Mama yake anakuja kumbembeleza, siku baada ya siku, akidhani mwanawe amekasirika, hadi mwili unapoanguka. Angalia ufundi huo: kwenye kisima hakuna uchawi hata chembe. Sindano imemaliza kazi yake, imetuachia mama na kiu ya mji.

Sisi wa Fizi tulipaswa kuielewa kanuni hii ya ajabu kidogo kuliko wengi. Wapiganaji wa uasi wa Simba wa 1964 na 1965 walipewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwanamapinduzi Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba Aprili 1965, aliandika miiko ya dawa hiyo: usichukue kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Yeye aliiona dawa hiyo kama balaa kwa jeshi, na kama kamanda alikuwa na haki. Mimi naona riwaya. Kijana amepakwa dawa, na katika kijiji cha pili yupo binti aliyemwahidi. Anakwenda kumuaga. Kesho yake anaanguka kwenye mapigano. Je, ni mkono wa binti yule, au risasi haijawahi kuwa maji hata siku moja? Wenzake watasema amevunja mwiko, na marehemu hana wa kumtetea isipokuwa huyo binti, ambaye hawezi kufungua kinywa bila kujishtaki. Mwandishi hodari hatatoa jibu. Atamwacha binti na siri yake, azeeke nayo.

Riwaya hiyo sijaikuta dukani wala mikononi mwa mtu. Waliokuwa na miaka 15 wakati ule sasa wamepita 70, na wengine wangali wanakaa njiani kati ya Baraka na Fizi. Mwenye kalamu aende akae nao, aanze na habari za mahari.