Ekundu Bila Ngeli: Jamuraa Inapohamia Mezani

Kuna karata ya mwaka 1996 inayoitwa Ekundu Cyclops. Ni jitu la jicho moja, na katika mfumo wa rangi tano wa Magic: The Gathering ni karata nyekundu, kwa hiyo mtu anaweza kuona jina limekaa sawa. Lakini seti hiyohiyo ina Ekundu Griffin, mnyama mwenye mwili wa simba na mabawa ya tai, na huyo ni karata nyeupe. Yeyote aliyekaa darasani Kenya akisoma Kiswahili atakwama hata kabla ya kufika kwenye rangi. "Ekundu" si neno, ni shina. Ndivyo linavyoandikwa kwenye kamusi, na kistari mbele, likingoja nomino ije iliambie liwe mwekundu, chekundu au jekundu. Inaonekana mtu alifungua kamusi, akalipenda, akalichukua, kistari kikabaki Marekani.

Nilipowaonyesha vijana ninaocheza nao hapa Banissa, mmoja alisema, "Huyu hana ngeli." Mwenzake akadakia, "Sema hana ukoo." Tulicheka, lakini tangu siku hiyo sijaweza kuiangalia seti ile bila sentensi hiyo ya pili.

Seti yenyewe ni Mirage, na bara lake ni Jamuraa, Afrika ya kubuni. Wapenzi wa Magic wanaikumbuka kwa Teferi, yule mchawi mweusi ambaye hadi leo ni kati ya wahusika wakubwa wa mchezo huo. Mimi naikumbuka kwa maneno yetu yaliyotapakaa humo kama mbuzi sokoni. Mwanamke wa kutisha anayenyonya damu anaitwa Shauku. Kuna Zuberi, kuna Hakim, kuna shamba la miti liitwalo Afiya Grove. Wapanda farasi wenye mikuki na ngao za moto wanaitwa Askari, jina ambalo hapa kwetu humpa mtu picha ya mzee aliyejifunika koti usiku kwenye geti la duka la jumla. Ni rahisi kukasirika. Mimi sikukasirika, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niseme suala ninalolifuata: je, ulimwengu uliozaliwa kwenye karata unaweza kuhamishwa ukawa ulimwengu wa kampeni, mahali ambapo watu watano wanakaa mezani na kuishi humo kwa miezi?

Kwa asiyeujua mchezo wa kuigiza mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi mmoja anashikilia dunia nzima kichwani, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umefika. Dungeons & Dragons ilianza hivyo mwaka 1974. Magic ilitoka 1993, kazi ya Richard Garfield, na mwaka 1997 kampuni ya Magic, Wizards of the Coast, ikainunua kampuni iliyokuwa na Dungeons & Dragons. Ungedhani ndoa ingefanyika mara moja. Wapi! Ni mwaka 2016 ndipo James Wyatt alipoanza kutoa vijitabu vya bure vya Plane Shift, kuanzia na Zendikar, na vitabu kamili vikafuata: Ravnica 2018, Theros 2020, Strixhaven 2021. Vijitabu vile vya bure ndivyo vilivyotufikia sisi, kwa simu, pale mtandao unapokuwa na huruma. Karata zenyewe huku hazifiki. Tunachapisha picha kwenye karatasi. Dadu ya pande ishirini hatuna, tuna vizibo ishirini vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya kofia. Hesabu yake ni ileile.

Sasa, karata ni kitu cha ajabu kama chanzo cha ulimwengu. Riwaya hukupa njia kutoka mji hadi mji. Karata hukupa jina, picha, namba mbili na sentensi moja ya kuonja. Mia tatu za namna hiyo, zimechanganywa, na hakuna inayokuambia inakaa umbali gani na nyenzake. Anayehamisha ulimwengu huo lazima ajaze mapengo, na hapo ndipo vitabu vile vitatu vinapopishana kwa ubora.

Ravnica ndiyo bora, bila mjadala mrefu. Ni mji wenye vyama kumi, kila chama kikiwa ni rangi mbili zilizooana, na kitabu kinamlazimisha mchezaji aamue tangu mwanzo yeye ni wa chama gani, kinamdai nini, na atapandaje cheo humo. Yaani utaratibu wa karata umegeuzwa kuwa utaratibu wa jamii. Theros nayo ni Ugiriki ya kale iliyovaa koti jipya. Inapendeza, ina kipimo chake cha uchaji kwa miungu, lakini kazi kubwa imefanywa na msomaji aliyekwisha sikia habari za miungu wale shuleni au kwenye sinema. Mwandishi akiacha pengo, msomaji wake analijaza mwenyewe. Strixhaven ni chuo cha uchawi, na nitakiacha hapo.

Jamuraa haimo katika vitabu hivyo vitatu. Wengine watasema ni ubaguzi, wengine watasema ni biashara tu, seti ya zamani. Mimi naona kuna sababu nyingine pia. Msomaji aliyefikiriwa na wachapishaji hawezi kuyajaza mapengo ya Jamuraa. Hajui mchungaji hulala wapi. Sisi tunaweza, na ndiyo maana nikaamua kuipeleka mezani bila kusubiri kitabu.

Chukua Mtenda Herder. Jina la kwanza ni letu, mwenye kutenda. La pili ni mchungaji. Soma karata: ni mtu dhaifu, moja kwa moja, na uwezo wake pekee ni kuwapiga maadui ubavuni. Mifugo hakuna, hata mbuzi mmoja. Mchoraji na mwandishi walimpa kazi, lakini kanuni za mchezo zikamfanya mpiganaji kama wenzake wote, kwa sababu kwenye karata kila kiumbe lazima ama apige ama azuie. Kwenye meza yangu alipoingia tu, swali la kwanza lilikuwa: "Ana ngamia wangapi?" La pili: "Wananywa wapi?" Sikuwa na jibu kwenye karata, na Ravnica haikunifundisha kulitafuta, kwa kuwa Ravnica ni mji usio na mwisho ambao hakuna anayetembea siku nne kufuata maji.

Hapa ndipo Afiya Grove iliponiokoa, na huu ndio msimamo wangu kuhusu kazi hii yote: anayehamisha ulimwengu wa karata achukue kanuni kabla ya picha. Picha ya Afiya ni miti tu. Kanuni yake ndiyo mali. Karata inaingia ikiwa na alama tatu za nguvu. Kila zamu yako ikianza, alama moja inahama kutoka kwenye shamba kwenda kwa kiumbe. Zikiisha, shamba linakufa. Waambie watu wa Banissa hivyo, watu walioona misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, halafu uwaulize hiyo ni karata ya nini. Walijibu kwa pamoja: silanga. Kwa hiyo Afiya kwetu ni bwawa la maji. Kila kikao kinatoa alama moja, na wachezaji ndio wanaoamua ng'ombe wa nani wanywe kwanza. Sijawahi kuona watu wakibishana kwa joto hivyo juu ya joka.

Kuna kanuni nyingine ya Mirage ambayo wachezaji wengi duniani waliichukia kwa ugumu wake: kiumbe kutoweka kwa zamu moja na kurudi zamu ifuatayo kikiwa kilekile. Katika hadithi za Magic, Teferi aliiondoa nchi nzima ya Zhalfir duniani kwa njia hiyo ili kuinusuru na uvamizi, na haikuonekana tena hadi hadithi za mwaka 2023. Wenzetu wanaisimulia kama muujiza na msiba. Mezani kwangu hakuna aliyeshangaa. Kijiji kilikuwepo hapa Gu, hakipo Jilaal, kitarudi mvua ikirudi. Watu wamehama. Mmoja aliuliza tu kama walibeba na nyumba, nikasema ndiyo, akaandika kwenye daftari lake na tukaendelea.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii ni damu.

Kikao cha tatu, mhusika mmoja alimuua mfanyabiashara wa Suq'Ata njiani, kwa sababu ya kawaida kabisa ya michezo hii: alikuwa na mzigo. Kwenye kitabu chochote cha kampeni nilichosoma, hapo unapekua mzigo na kuandika dhahabu. Vijana wakanyamaza. Kisha yule mpole kuliko wote, ambaye mhusika wake ni mganga tu, akauliza: "Abti, diya ya huyu nani atalipa?" Diya ya mwanamume kwa mila ni ngamia mia moja, na halipi muuaji peke yake, wanalipa watu wake wote. Ikabidi tujue watu wake ni akina nani. Ikabidi kila mhusika awe na baba, babu, na babu wa babu. Vikao vitatu vilivyofuata havikuwa na pigo hata moja. Ilikuwa maslaha chini ya mti, wazee wa Suq'Ata upande huu, wetu upande ule, na mimi nikiigiza sauti za wazee saba hadi koo likakauka.

Msomaji wa Nairobi au Dar anaweza kusema hiyo si burudani. Namwelewa. Ila ajue mezani pale walikaa vijana wa koo ambazo wakati wa mapigano ya 2012 hadi 2014 katika kaunti hii hazikuwa zikikaa mkeka mmoja. Wanajua chama cha Ravnica kuliko mwandishi wa kitabu cha Ravnica. Kitabu kile kinakuambia chama kitakupa nini ukipanda cheo. Hakikuambii chama kitalipa nini ukikosea, na wala hakikuambii mwenzako wa chama, ambaye hakuwepo, atatoa ngamia wangapi kwa upanga wako. Kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko lile la mchungaji asiye na mbuzi. Vyama bila deni ni sare za shule.

Niliahidi kueleza kwa nini sikuikasirikia Mirage. Mwaka 1996 ni mwaka ambao mashujaa wa hadithi za mapanga na uchawi walikuwa karibu wote ni weupe, na seti hii iliwapa weusi farasi, vitabu, merikebu, majeshi na wachawi wenye hekima. Ilikosea sarufi. Theros haikukosea sarufi yoyote, na imenipa vikao viwili vya kupendeza ambavyo sasa sivikumbuki vizuri. Ningetoa Theros mbili kwa Ekundu moja, kwa sababu shina lisilo na kiambishi lina nafasi mbele yake ya mtu kuingia.

Kitabu rasmi cha Jamuraa kikija siku moja, sitaki kwanza michoro mizuri. Nataka ramani inayopima umbali kwa siku za ngamia. Nataka jedwali la mvua. Nataka ukurasa wa diya. Na Dhegdheer wetu, yule bibi mla watu mwenye sikio refu wa hadithi za Kisomali, akitiwa humo, asipewe namba za kupigana hadi mwandishi aseme kwanza anaishi karibu na kisima gani.

Kwa sasa Afiya imebakiwa na alama moja. Mtenda Herder ana ngamia kumi na wanne, mmoja akiwa ameahidiwa kwenye diya ile, na Ekundu Griffin alipewa jina kamili mwezi jana baada ya mabishano ya nusu saa. Waliokubaliana wanamwita Mwekundu, kwa ngeli ya viumbe. Yule aliyesema hana ukoo bado hajakubali, anadai griffin ni ndege kama ndege wengine na hana haja ya kubadilika rangi kwa sababu ya Wamarekani.