Tenga Hili Kasuka Nani?

Mwana hiti, mtoto wa kuchongwa wa mti, hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili kilichonyooka, vijiziwa, kitovu, na nywele zilizosimama utosini kama vishungi viwili. Waluguru, kama jirani zao Wakwere na Wazaramo, walimkabidhi mwali aliyewekwa ndani, amtunze kama mtoto. Wengi wa watoto hao wa mti sasa wamo katika makumbusho ya Ulaya, na kibandiko chao hutaja kabila tu. Aliyeinama na tezo akiitafuta shingo yake ndani ya gogo hatajwi. Huniuma, kana kwamba Uluguru nzima ilichonga kwa mkono mmoja.

Ndiyo maana nampenda David Driskell, mchoraji na msomi wa sanaa. Alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1931, akakulia North Carolina. Baba mchungaji, mama mshonaji wa mablanketi ya viraka na msukaji wa vikapu. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Howard akisoma historia, mwalimu wake James Porter, ambaye mwaka 1943 alikuwa ametoa kitabu kuhusu sanaa ya Wamarekani weusi, aliona anavyochora, akamvuta upande wa sanaa. Historia nayo haikumtoka. Emmett Till, mvulana wa miaka 14, aliuawa mwaka 1955. Mwaka uliofuata Driskell alimchora kwa mfano wa Kristo aliyeshushwa msalabani.

Kisha, mwaka 1976, akaandaa Los Angeles maonyesho ya karne mbili za sanaa ya watu weusi wa Marekani, zaidi ya kazi 200. Wachoraji wenye majina walikuwamo, lakini aliwapa nafasi pia mafundi wa enzi za utumwa ambao majina yao yamepotea. Nadhani ni mtoto wa msukaji tu angewatafuta kwa bidii ile. Aliyewahi kushika brashi hutazama kwa vidole: huona mkono uliposita, uliporudia, ulipojiamini. Usomi wa namna hiyo ni ufundi kamili, nami nauheshimu sawa na tezo.

Juzi, Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, matenga ya kabichi yalikuwa yameshushwa kutoka Mgeta. Moja lilikuwa na ukingo uliofungwa vizuri ajabu.

“Mama, tenga hili kasuka nani?”

“Mjomba wangu.”

“Anaitwa nani?”

Akaacha kupanga kabichi, akanitazama, akalitaja jina taratibu, la mjomba na la babu yake. Nikatoa daftari.