Watano Wasioshika Mpira

Ukiuliza ni timu gani iliyotwaa ubingwa mara nyingi zaidi katika futiboli ya kulipwa ya Marekani, jibu ni Green Bay Packers, mara 13. Hii ni timu ya mji mdogo wa jimbo la Wisconsin wenye wakazi laki moja na ushei, na wenye timu si tajiri mmoja bali ni wananchi wenye hisa. Nyuma yao wako Chicago Bears, mara 9. Ukianza kuhesabu tangu Januari 1967, fainali ya Super Bowl ilipochezwa kwa mara ya kwanza, wanaotangulia ni New England Patriots na Pittsburgh Steelers, mara 6 kila mmoja, wakifuatwa na San Francisco 49ers na Dallas Cowboys, mara 5 kila mmoja.

Enzi za timu hizi hukumbukwa kwa majina ya kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Bart Starr kule Green Bay, Terry Bradshaw Pittsburgh, Joe Montana San Francisco, Tom Brady New England. Wanastahili sifa zao. Mimi leo nataka kuwasifu watu wanaosimama mbele yao. Ni watano katika kila shambulizi. Kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi, na wengi wao hustaafu bila kufunga hata pointi moja. Ufundi wao ni kukinga, na naamini ubingwa wa mchezo huu hujengwa hapo kabla ya kujengwa popote pengine.

Aliyezoea raga atashangaa kidogo. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Katika futiboli ya Marekani, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, nayo kila jaribio huanza kwa mtu wa katikati, senta, kuupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda nyuma. Kushoto na kulia kwake wako wakingaji wawili wa ndani, na nje yao wawili wa pembeni. Hao watano wana mambo mawili ya kufanya: kumfungulia mkimbiaji upenyo, au kumpa mrushaji nafasi ya kutazama na kutupa. Nafasi yenyewe ni sekunde mbili na nusu hivi. Zikifika tatu, wamefanya kazi kubwa.

Anayewatazama kwa mara ya kwanza huona majitu yanasukumana. Wengi wao siku hizi hupita kilo 135, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba uzito ndio unaoamua. Tazama miguu. Mkingaji wa pembeni anaporudi nyuma kumlinda mrushaji, hapishanishi miguu hata mara moja; huteleza kinyumenyume kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, akibaki kati ya adui na mtu anayemlinda. Tazama mikono. Viwiko vimebanwa, viganja vinalenga kifua cha mpinzani, vidole gumba vikielekea juu. Akiwahi sekunde moja, mpinzani anamkwepa. Akichelewa, anasukumwa hadi miguuni mwa mrushaji. Akishika jezi kwa nje, kibendera cha njano kinaanguka na timu inarudishwa yadi 10. Na katika mgongano wa watu wenye uzito sawa, aliyeshusha nyonga chini zaidi ndiye atakayemhamisha mwenzake.

Ufundi huu una msiba wake: hauhesabiki. Mchezo huu hupima kila kitu, yadi za mkimbiaji, pasi zilizofika, pasi zilizonaswa, lakini kinga iliyokamilika haina safu yake katika takwimu rasmi. Mkingaji husikika anapokosea tu, pale refa anapoitaja namba yake kwa kipaza sauti mbele ya uwanja mzima. Mlango wa mninga ukifunguka bila kelele, mgeni husifu nakshi, bawaba haiulizwi.

Kocha Vince Lombardi aliiuliza. Alipofika Green Bay mwaka 1959, alikuta timu iliyokuwa imeshinda mchezo mmoja tu katika msimu wa 1958. Yeye mwenyewe alikuwa mkingaji alipokuwa mwanafunzi wa Fordham, na alikuja na imani kwamba timu haihitaji mbinu nyingi. Inahitaji chache inazoziweza kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Mbinu yake kuu ilikuwa mkimbio wa kuzunguka upande, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Mpira unapoanzishwa, wakingaji wawili wa ndani, Jerry Kramer na Fuzzy Thurston, hawaendi mbele. Wanachomoka katika nafasi zao, wanageuka kulia na kukimbia sambamba na mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Nafasi walizoziacha wazi lazima zizibwe papo hapo, na hapo ndipo senta Jim Ringo na wenzake wanapobeba mzigo mzito: kumkata mpinzani aliyepata mlango wa bure. Pale ukingoni, Ron Kramer, ambaye hakuwa na undugu na Jerry, anakabiliana na beki wa upande ule. Haamui mapema amsukume wapi. Beki akitaka kwenda nje, anampeleka huko huko nje. Akitaka kuingia ndani, anamsindikiza ndani. Thurston na Jerry Kramer, huku wakikimbia, wanasoma mgongo wa mwenzao: beki akienda nje, wanapita ndani yake; akiingia ndani, wanapita nje. Nyuma yao Paul Hornung, mpira kwapani, anausoma mgongo ule ule. Watu wanne wanafanya uamuzi mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyefungua mdomo.

Wapinzani wote waliijua mbinu hii. Lombardi hakuificha. John Madden, ambaye baadaye naye alikuja kuwa kocha bingwa, alisimulia mara nyingi jinsi alivyomsikiliza Lombardi akiifundisha mbele ya makocha kwa saa nane, mbinu hiyo moja tu. Kuijua hakukuwasaidia kitu. Walichokuwa wakipambana nacho hakikuwa siri bali maelfu ya marudio, hatua ile ile, pembe ile ile, hadi mwili ukaacha kuuliza. Packers wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967, mara tano katika miaka saba. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lombardi alisifiwa nchi nzima, na kila msimu mpya alianza tena na hatua ya kwanza ya mkingaji.

Tarehe 31 Desemba 1967 marudio hayo yalipewa mtihani. Packers waliwakaribisha Dallas Cowboys katika fainali ya ligi, kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto ardhi ilishindwa kazi, uwanja ukaganda. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers walikuwa nyuma kwa pointi 17 kwa 14, mpira uko hatua moja kutoka mstari wa mwisho, na wakimbiaji wao walishateleza wakijaribu kuufikia. Starr alimuuliza Jerry Kramer kama anaweza kupata pa kukanyaga. Akajibiwa kwamba anaweza. Starr akaamua kuubeba mpira mwenyewe nyuma ya mgongo huo. Kramer na senta Ken Bowman wakamwingia Jethro Pugh wa Cowboys kwa chini, wakamwinua na kumrudisha nyuma, na Starr akaangukia ndani. Televisheni iliirudia picha ile tena na tena, na kwa mara moja Marekani nzima ilimwona mkingaji kazini. Hata hivyo Kramer aliyestaafu mwishoni mwa msimu wa 1968 alingoja hadi 2018 ndipo akaingizwa katika Ukumbi wa Magwiji. Kikombe cha Super Bowl kinaitwa kwa jina la kocha wake tangu Lombardi alipofariki mwaka 1970. Mkingaji alisubiri nusu karne.

Kuna waliolipa gharama kubwa zaidi ya kusahauliwa. Steelers walipotwaa ubingwa mara nne kati ya misimu ya 1974 na 1979, Mike Webster alikuwamo katika timu zote nne, na alikuja kuwa senta aliyepigiwa mfano kuliko wote. Alicheza mikono wazi hata theluji ikidondoka, na alimaliza misimu 17 ya kugonganisha kichwa karibu kila jaribio. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, baada ya kuteseka kwa kupotewa na kumbukumbu na fikra. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake huko Pittsburgh, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alikuta madhara yaliyotokana na mapigo ya miaka mingi, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yaliulazimisha mchezo huu kujitazama upya. Siwezi kuusifu ufundi wa Webster nikanyamaza kuhusu bei aliyoilipa. Kumsifu kwa haki ni kudai kwamba wanaomfuata walindwe vizuri kuliko alivyolindwa yeye.

Nilichojifunza kwa kufuatilia timu hizi ni kwamba nyuma ya kila enzi ndefu ya ushindi yuko mwalimu wa wakingaji ambaye watazamaji wengi hawamjui. Bobb McKittrick aliwafundisha wakingaji wa 49ers tangu 1979 hadi 1999, na ubingwa wao wote wa mara tano ulipita mikononi mwake. Kule New England alikuwako Dante Scarnecchia. Mwanafunzi wake Stephen Neal alikuwa bingwa wa dunia wa mieleka na hakucheza futiboli hata mara moja chuoni. Scarnecchia alimfundisha tangu alifu, na Neal akaanza katika Super Bowl ya msimu wa 2004 ambayo Patriots walishinda. David Andrews, senta wa ubingwa wa misimu ya 2016 na 2018, hakuchaguliwa na timu yoyote katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Katika michezo mitatu ya mtoano ya msimu wa 2018, Brady, mwenye miaka 41, aliangushwa na mpira mkononi mara moja tu.

Anayetaka ushahidi wa kinyume autafute Februari 2021. Kansas City Chiefs waliingia Super Bowl wakiwa na Patrick Mahomes, mrushaji mwenye kipaji kisicho na mfano, lakini wakingaji wake wote wawili wa pembeni walikuwa majeruhi. Usiku ule Mahomes alitimuliwa huku na huko, akarusha mipira akiwa anaanguka, na timu yake ikafungwa pointi 31 kwa 9 bila kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho hata mara moja. Chiefs hawakutafuta mrushaji mwingine wala mkimbiaji mwenye mbio zaidi. Walibomoa mstari wa mbele na kuujenga upya: wakamleta Orlando Brown, wakamsajili Joe Thuney aliyekuwa ameshinda mara mbili na Patriots, na wakawachagua vijana wawili, senta Creed Humphrey na mkingaji Trey Smith. Miaka miwili baadaye, Februari 2023, walikutana na Philadelphia Eagles, timu iliyowaangusha warushaji mara 70 katika msimu wa kawaida. Katika Super Bowl hiyo Mahomes, akichechemea kwa kifundo cha mguu kilichoumia, hakuangushwa hata mara moja. Chiefs walishinda pointi 38 kwa 35.

Sifuri hiyo ya kuangushwa ndiyo takwimu inayokaribia zaidi kuisema kazi ya mkingaji: hesabu ya jambo ambalo halikutokea. Kazi nyingi zinazoshikilia maisha ya watu ziko hivyo, na ndiyo maana huwa tunachelewa kuziheshimu. Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Anayekesha na ajaribu jambo moja: kwa majaribio machache, auache mpira uende zake, awatazame watano wa mbele tangu senta anapoinama hadi filimbi inapolia. Ataona watu wakifikiri kwa miguu, wakirekebishana kwa kugusana bega, wakishinda na kurudi kwenye nafasi zao bila kusherehekea. Joe Thuney alitwaa ubingwa mara nne, mara mbili New England na mara mbili Kansas City, mbele ya warushaji wawili walioitwa bora wa zama zao. Si bahati kwamba alikuwako kote kuwili. Timu zinazojua kushinda hujua pia ni nani wa kumlipa kabla mpira haujarushwa.