Altezza ya Mwanga: kwa nini injini iliachwa mwisho

Fundi aliinua pua ya gari kwa jeki, akapitisha mtaimbo chini ya tairi la mbele kulia, akausukuma juu taratibu. Tairi lilipanda karibu upana wa kidole kabla mkono wa chini haujatikisika. Bol joint ilikuwa imekwisha. Jirani yangu wa Mwanga, hapa Kigoma, aliyekuja gereji kuulizia bei ya injini, akanyamaza.

Gari lake ni Toyota Altezza AS200, gia sita za kubadili kwa mkono, injini ya 1G-FE yenye silinda sita na lita mbili, inayosukuma kwa matairi ya nyuma. Pacha wake, RS200, ana 3S-GE ya nguvu za farasi 210, lakini anazifikisha kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na kompresheni yake ya 11.5 kwa 1 inadai petroli ya oktani ya juu. Kwa mtu wa Kigoma ningechagua AS200 bila kusita. 1G-FE ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Mark II za GX100 na GX110, hivyo spea hazikusumbui.

Alichotaka yeye ni 1JZ yenye tabo, farasi 280 badala ya 160. Kuingia inaingia, Toyota wenyewe waliipa Altezza Gita 2JZ ya lita tatu. Tatizo ni kinachoibeba. Bol joint za chini za mbele ndio ugonjwa unaojulikana wa gari hili, na ikichomoka moja ukiwa mwendoni, gurudumu hulala chini ya bodi. Ukiongeza nguvu juu ya chuma kilicholegea, unaongeza mwendo wa ajali tu.

Basi pesa zilianzia chini. Bol joint mpya pande zote mbili, kisha bushi. Mpira huzeeka kwa miaka hata gari likilala, na bushi zake zilikuwa na nyufa za kuingiza ukucha. Alishauriwa aweke za poliyurethani. Nilimpinga: zinakaza usukani kweli, lakini ukiacha lami kila jiwe linapanda hadi kwenye kiti. Akafunga za mpira, mpya. Springi za kushusha gari nazo tulizikataa, kwa sababu shokapu inahitaji nafasi ya kucheza.

Matairi ya nyuma yalikuwa na kashata nzuri, na hapo wengi hudanganyika. Ubavuni kulikuwa na tarakimu nne, 2312: wiki ya 23, mwaka 2012. Mpira wa umri huo umekuwa mgumu, na kwenye lami yenye maji haushiki. Gari linapopanda mlima kutoka ziwani, uzito hurudi nyuma, nayo ndiyo raha ya kusukumwa kutoka nyuma: matairi yanayofanya kazi ndiyo yanayokandamizwa. Yakiwa magumu, faida yote hiyo inapotea, na mkia unatangulia kwenye kona.

Rejeta ilitoa maji ya rangi ya chai. Ikasafishwa, ikawekwa kulanti, na mkanda wa taimingi ukabadilishwa siku hiyohiyo. Hapo sikuona la kujadili.

Kigoma ina mfano wake mkubwa wa kazi hii ya kutunza bodi kabla ya kuota injini mpya: meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha meli yao, Graf von Goetzen, mwaka 1916, mafundi wao walizipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, na injini zilezile za mvuke. Dizeli zilikuja miaka ya 1970, juu ya bodi iliyokuwa bado inastahili kupewa injini nyingine.

Wiki iliyopita, mvua ikinyesha, nilipanda naye kutoka bandarini. Gia ya pili, mguu mpole. Nyuma ikateleza kidogo, ikashika, tukaendelea. Akiba ya 1JZ bado anayo. Nimemwambia aanze na breki za mbele.