Ulinzi wa Kununuliwa na Nguvu ya Uvumi: Kuitazama Upya Filamu ya My Bodyguard

Filamu ya My Bodyguard, iliyoongozwa na Tony Bill kutokana na muswada wa Alan Ormsby, ilitoka mwaka 1980. Aghalabu hukumbukwa kama hadithi ya mvulana mnyonge anayepata rafiki mwenye misuli. Makala haya yanadai kuwa usomaji huo unaipunja filamu. Kinachosawiriwa humo ni biashara ya hofu: nani anaizalisha, nani anaiuza na nani anailipia.

Clifford Peache (Chris Makepeace) anahama shule ya binafsi na kuingia shule ya umma jijini Chicago. Anaishi katika hoteli inayosimamiwa na baba yake, pamoja na bibi yake mcheshi, anayeigizwa na Ruth Gordon. Shuleni anakutana na Moody (Matt Dillon), anayewatoza wenzake pesa za chakula cha mchana. Ujanja wa Moody ni kwamba hajitambulishi kama mporaji. Anadai kuwa anawakinga dhidi ya Ricky Linderman, kijana mkubwa wa mwili na mkimya, ambaye inanong'onwa kuwa ameua. Linderman mwenyewe hapati hata senti moja katika biashara hiyo inayoendeshwa kwa jina lake. Adam Baldwin anamwigiza kwa mabega na macho zaidi kuliko kwa maneno, na ukimya huo ndio unaouneemesha uvumi: asiyejibu husemewa.

Clifford anaamua kumwendea Linderman na kumtaka awe mlinzi wake kwa malipo. Wahakiki wengi wangeuita huu ushujaa. Mimi naona hapa mwathiriwa akiikubali kanuni ya mwonevu, kwamba usalama ni bidhaa. Linderman anakataa kwanza, na hata anapokubali baadaye, urafiki wao haukui kutokana na mapatano hayo. Unakua katika yadi za vyuma chakavu, wanapoitafuta silinda ya pikipiki anayoiunda upya kipande kwa kipande. Sehemu hii inakwenda polepole, na ni haki yake. Kwa mara ya kwanza watu wawili wanashughulikia kitu kisichohusiana na kupigana, na Linderman anakuwa fundi machoni petu kabla hajawa mpiganaji.

Hata hivyo kanuni ya soko haijafutika. Moody naye anajitafutia mlinzi, Mike, mtu mzima mwenye misuli ya kunyanyua vyuma. Linderman anadhalilishwa na pikipiki yake inasukumwa majini katika bustani ya Lincoln Park. Baada ya hapo ndipo tunapoujua ukweli kuhusu mdogo wake aliyekufa kwa risasi ya bastola, na hatia aliyoibeba kaka peke yake. Siri hiyo inaugeuza uvumi wote. Kile ambacho wanafunzi walikitumia kama kitisho cha kusisimua kilikuwa msiba wa nyumba ya mtu.

Kwa sababu hiyo, hitimisho la filamu linasumbua. Linderman anamshinda Mike, kisha Clifford anamkabili Moody kwa ngumi zake mwenyewe na kumtoa damu puani. Hadhira hufurahi, na si ajabu. Mandhari hayo yamepangwa kwa ustadi, na Dillon anaporomoka kutoka kwenye majivuno hadi kilio kwa namna inayoaminika kabisa. Lakini ngumi inajibu swali dogo tu, la nani anamwogopa nani. Swali la uvumi linaachwa bila mhukumiwa. Moody aliuuza, ila hakuutunga peke yake. Ulipita midomoni mwa darasa zima, wakiwamo waliolipa. Walimu nao wapo pembeni mno kiasi cha kutoweza kuuzima.

Anayeitumia filamu hii darasani kufundishia kuhusu uonevu angefaa kuisimamisha kabla ya pambano la mwisho, awaulize wanafunzi Linderman anadaiwa nini, na nani anayemdai. Wanafunzi wanaomshangilia pale bustanini ndio wale wale waliokuwa wakimkwepa ukumbini. Hakuna hata mmoja anayemwomba radhi.