Kosa au Ajali? Toussaint katika Kitabu cha C.L.R. James
Kitabu cha C.L.R. James, The Black Jacobins, kilitolewa mwaka 1938, nacho chahusu maasi ya watumwa wa Saint-Domingue yaliyoanza Agosti 1791. Humo Toussaint Louverture amepewa ukuu wake, lakini pia ana kosa linalotajwa waziwazi. Mwaka 1801 wafanyakazi wa mashamba ya kaskazini waliasi, naye akaamuru Moïse, mpwa wake wa kulea, apigwe risasi. Watu hao walikuwa wamekwisha kupata uhuru, kisha wakarudishwa mashambani kwa amri ya kijeshi, pengine kwa bwana yule yule wa zamani. James aeleza bila kuficha kwamba jemadari aliacha kuzungumza na watu wake.

Katika toleo la 1963 ziliongezwa aya chache zinazomweka Toussaint karibu na mashujaa wa tanzia. Ni aya nzuri, nzuri mno: humo kosa lageuka ajali, na ajali haina wa kuulizwa. Wengi wa wafanyakazi wale walizaliwa Afrika, baadhi yao Kongo. Msomaji aanzie kurasa za Moïse, ndipo azifikie aya hizo.