1HZ ndani ya Defender: tatizo si rejeta, ni hewa

Kufunga injini ya Toyota 1HZ kwenye Land Rover Defender 110 si kioja tena. Ni dizeli ya silinda sita, cc 4,164, haitegemei kompyuta, na vipuri vyake vinapatikana. Maunti na giaboksi mafundi wameshazimudu. Balaa huja gari linapochemsha kwenye mlima wa kwanza, na ushauri huwa ule ule: weka rejeta kubwa zaidi. Mara nyingi rejeta inasingiziwa.

Magari haya mawili yana mipango tofauti ya maji. Land Cruiser yenye 1HZ ina mfuniko wa presha juu ya rejeta, na chupa ya pembeni isiyobeba presha. Maji yakipata moto hutanuka: lita 12 zikitoka nyuzi 25 kufika 95 huongezeka kwa karibu nusu lita. Ziada hiyo huinua valvu ya mfuniko ikaingia kwenye chupa. Injini ikipoa, valvu ndogo ya katikati hufunguka na maji yakavutwa kurudi. Defender yenye injini ya 300Tdi haina mfuniko wa aina hiyo kwenye rejeta. Chupa yake ndiyo inayobeba presha.

Sasa injini ndefu ya silinda sita ikiingia mahali palipokuwa na silinda nne, rejeta husogezwa mbele na pengine kushushwa. Mdomo wake ukiwa chini kuliko mahali maji yanapotokea kwenye hedi, utajaza mpaka yamwagike huku hewa imebaki juu ya hedi. Geji nayo inaweza kukulaghai, kwa kuwa sensa isiyoguswa na maji husoma chini wakati hedi inaungua.

Kazi iliyofanywa vizuri hufuata mpango wa chupa yenye presha. Chupa hufungwa juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo, kwenye ukuta ulio nyuma ya injini au kwenye bawa. Paipu mbili nyembamba, moja kutoka sehemu ya juu kabisa ya hedi na nyingine kutoka juu ya rejeta, huingia kwenye chupa juu ya usawa wa maji ili kutoa hewa. Paipu ya tatu, nene, hutoka chini ya chupa kwenda upande wa wota pampu unaovuta. Mfuniko wa presha huwa mmoja tu, ule wa chupa. Mdomo wa rejeta huzibwa kabisa.

Mfuniko huo usinunuliwe kwa kukisia. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji matupu huchemka karibu nyuzi 94. Mfuniko wa bar 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Mpira wake ukichakaa, umepoteza nyuzi ishirini za usalama.

Kung'oa themostati nako si dawa. Kwenye injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Wakati wa kujaza, inua pua ya gari, fungua hita, mimina kulanti taratibu huku ukiminya hozi ya juu mpaka mapovu yaishe. Washa injini, subiri hozi ya juu ipate moto ghafla, ishara kwamba themostati imefunguka. Zima, acha ipoe kabisa, kisha ongeza kilichopungua. Asubuhi ya pili kagua tena. Hozi ikiwa imebonyea, valvu ndogo ya katikati ya mfuniko haifunguki; badilisha mfuniko.

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi wa rejeta kubwa, mwambie akuonyeshe sehemu ya juu kabisa ya mfumo wako na njia ambayo hewa inatokea. Asipoweza kukuonyesha, gari hilo bado halijawa tayari kwa safari.